Je, adapta ya plagi pekee inatosha Marekani?

Swali: Ndugu wanajukwaa, natarajia kwenda Marekani, ambako umeme ni wa volti 120, ilhali vifaa vyangu ni vya volti 230. Je, adapta pekee inatosha?

Jibu la 1: Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haigusi volti. Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ukikuta “100–240V, 50/60Hz”, kama zilivyo chaja nyingi za simu na kompyuta mpakato, huhitaji transfoma (kifaa cha kubadilisha volti).

Jibu la 2: Naafiki, ila draya ya nywele ya volti 230 pekee ni shauri jingine, kwani huko itapata takriban robo tu ya nguvu yake, na transfoma inayohimili wati 2,000 ni nzito mno kubebwa safarini. Tafadhali iache.

Jibu la 3: Ukirudi na kifaa cha volti 120, usikichomeke kwenye volti 230, kinaweza kuungua papo hapo.