Mfumo umeuzwa mamilioni, seva inaishi kwenye kidirisha cheusi cha CMD!

Wakuu, hasira ninazo tangu asubuhi, acha niseme.

Usiku umeme ulikatika, ukarudi. Asubuhi duka la dawa la jumla ninalolihudumia limefunguliwa: kompyuta ya seva inawaka, mtandao upo, mashine zote nne za mauzo hazipati kitu. Wateja foleni, dada wa kaunta anaandika risiti kwa mkono. Nafika, nakuta karatasi imebandikwa kwenye skrini: USIFUNGE DIRISHA HILI. Ndiyo seva yote hiyo! Fundi aliyeuza mfumo aliingia kwa akaunti yake, akabofya faili, akaacha dirisha wazi, akachukua hela yake. Kompyuta imejiwasha, hakuna aliyeingia, kwa hiyo hakuna dirisha na hakuna seva.

Nampigia, ananijibu: "Kaka, Windows ndivyo ilivyo."

Uongo. Windows ina huduma, yaani programu za nyuma ya pazia, zinazoanza kabla mtu hajaingiza nywila, tangu Windows NT ya 1993. Najua, exe (faili la programu) ya kawaida ukiisajili kuwa huduma kwa amri ya sc create inagoma: Windows inasubiri programu ijibu kwamba imeanza, sekunde 30, halafu inakutupia kosa 1053. Ndiyo maana kuna programu ndogo za WinSW na NSSM, zinaibeba programu yako na kujibu kwa niaba yake. Hata nusu saa haiishi. La kuangalia ni njia za mafaili tu, maana huduma haiioni ile diski ya mtandao ya Z: uliyoiunganisha ukiwa kwenye akaunti yako.

Linux nako ni yale yale. Kuna zahanati fundi huyo huyo aliandika faili la systemd (msimamizi wa huduma wa Linux) vizuri tu, akapiga systemctl start ya kuiwasha papo hapo, akaondoka. Enable, ya kuifanya ianze yenyewe kompyuta ikiwashwa, hakupiga! Ikadunda miezi, siku seva ilipowashwa upya, kimya, wagonjwa wamekaa kwenye benchi. Nalifungua faili: hakuna User=, kwa hiyo programu yenye taarifa za wagonjwa inakimbia kama root, akaunti yenye mamlaka yote. Restart=on-failure (ikianguka iwashwe tena) ipo, RestartSec (muda wa kusubiri kwanza) haipo. Maana yake systemd inasubiri milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena, na ikianguka mara 5 ndani ya sekunde 10 inaacha kabisa. Hifadhidata baada ya umeme kukatika inaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo kuamka! RestartSec=10, mstari mmoja, ingetosha.

Wa Mac msijifiche. Plist, faili la kuelekeza programu ianzeje, ukiiweka folda ya LaunchAgents inasubiri mtu aingie. Ya seva inakaa /Library/LaunchDaemons.

Mwenye duka nimeshamwambia: malipo yaliyobaki hayatoki mpaka fundi aje, tuchomoe waya mbele yake, tuwashe, na mashine za mauzo zifanye kazi bila mtu kugusa kibodi ya seva. Mafundi mliomo humu, nani kati yenu anakabidhi kazi bila jaribio hilo, na anamwambia nini mteja?