Siku moja ndani ya Disney's Animal Kingdom kwa wenzi wenye matakwa tofauti: tuanzie wapi?

Msafiri_Mpole aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Mimi na mke wangu tutakuwa Florida mwezi wa saba kwa shughuli za kifamilia, na tumetenga siku moja, bila watoto, kwa ajili ya Disney's Animal Kingdom, ile bustani ya burudani iliyo karibu na Orlando ambayo inachanganya wanyama hai na michezo ya kupanda. Ninauliza kwa sababu sisi wawili hatuendi kutafuta kitu kimoja. Mimi ninapenda mwendo wa kasi, na Expedition Everest, treni ya kasi ya huko, ndiyo iliyonifanya nikubali safari hii. Mwenzangu ni mtu wa wanyama na ndege. Anaweza kusimama mbele ya kiumbe mmoja nusu saa nzima akimtazama anavyojikuna, lakini hapandi kitu chochote kinachomtoa miguu ardhini, na kichefuchefu humpata hata ndani ya basi la barabara yenye kona.

Ningependa kujua tuanze na lipi na tumalizie na lipi. Je, ile safari ya magari ya kuangalia wanyama ina maana yoyote kwa watu ambao wamekwisha kuwaona tembo na simba katika mbuga za kweli? Je, kuna haja ya kulipia njia ya haraka ili kukwepa foleni? Na je, ni busara kukaa hadi usiku, au baada ya mchana hakuna tena cha kuona? Sitaki siku iwe ya kukimbia kutoka foleni moja kwenda nyingine, wala sitaki mmoja wetu ageuke mbeba mikoba wa mwenzake kutwa nzima.

Bi_Korongo alijibu:

Ndugu Msafiri, nitaanza na swali la wanyama kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote. Michezo ya mitambo inafanya kazi vilevile saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Wanyama hawako hivyo. Katika joto la Julai la Florida, ambalo lina unyevu mwingi kuliko watu wanavyodhani, simba atalala juu ya mwamba wake na duma atatafuta kivuli, na wewe utapita ukiona masikio tu. Kwa hiyo Kilimanjaro Safaris, ndiyo hiyo safari ya magari, iwe jambo la kwanza, lango linapofunguliwa. Iko upande wa Afrika, mbali kidogo na mlango mkuu, kwa hiyo msisimame njiani kupiga picha, mtarudi baadaye.

Kuhusu maana yake kwa watu waliozoea mbuga, jibu langu ni ndiyo, mradi msiende kuilinganisha na Serengeti. Eneo lote la safari hiyo ni kama hekta 45, na mzunguko mmoja ndani ya lori lililo wazi pembeni huchukua takriban dakika 20. Dereva hana ruhusa ya kusimama kwa muda autakao mgeni. Kinachovutia ni namna mahali penyewe palivyobuniwa. Hakuna uzio unaouona, lakini swala hawawezi kumfikia simba wala simba hawezi kulifikia lori, kwa sababu mahandaki, mabwawa na miinuko vimefichwa katika mandhari kiasi kwamba jicho linaunganisha vipande vyote kuwa uwanda mmoja. Mibuyu kadhaa mtakayoiona si miti, bali ni saruji iliyochongwa kwa ustadi. Mkeo, kama kweli ni mtu wa kutazama kwa makini, atafurahia kutafuta mahali mpaka ulipofichwa, na mzunguko wa pili atauomba yeye.

Mkitoka kwenye lori msiondoke eneo hilo. Njia ya miguu iitwayo Gorilla Falls Exploration Trail inaanzia papo hapo, na kwa maoni yangu inaishinda safari yenyewe, kwa sababu humo hakuna anayewaharakisha. Kuna kioo kinachowaonesha viboko wakiwa chini ya maji, kuna banda la ndege ambamo unaingia na kutembea kati yao, na mwisho wake kuna gorila wa nyanda za chini za magharibi, dume pamoja na familia yake, mkitenganishwa nao na bonde na kioo tu. Hapa ndipo nusu saa ya mkeo itakapotimia. Upande wa Asia kuna njia nyingine, Maharajah Jungle Trek, yenye chui milia wa Sumatra, kenge wakubwa wa Komodo, na popo wala matunda wenye mabawa makubwa. Wengi huipita hiyo wakikimbilia Everest, na hivyo huwa tulivu.

Jambo moja la ziada kwa wapenzi wa wanyama. Katikati ya bustani kuna Mti wa Uhai, wenye urefu wa meta 44, ambao si mti bali ni fremu ya chuma iliyosanifiwa kwa mtindo wa mitambo ya kuchimba mafuta baharini, ikafunikwa kwa gome bandia lenye michongo ya wanyama zaidi ya 300. Karibu na mlango wa ukumbi ulio kwenye mizizi yake, mtafuteni sokwe aliyechongwa hapo: huyo ni David Greybeard, yule wa Gombe, Tanzania, ambaye mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimwona mwaka 1960 akitumia kijiti kuvulia mchwa. Watu hupita mbele yake kwa maelfu bila kujua ni nani.

Fundi_Mitambo alijibu:

Ninamheshimu Bi Korongo, lakini ushauri wake unamsahau mume. Bustani hii kwa kawaida hufunguliwa mapema, mara nyingi saa mbili asubuhi, na wageni waliolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine. Karibu wote hao huelekea mahali pamoja: Flight of Passage, iliyoko katika eneo la Pandora, lenye mandhari ya filamu ya Avatar, lililofunguliwa mwaka 2017. Foleni yake ndiyo ndefu kuliko zote, na ikishajaa asubuhi haipungui kwa urahisi hadi jioni. Kwa hiyo kama mume anataka kuipanda bila kulipia zaidi, ni alfajiri au ni dakika za mwisho kabla ya kufunga.

Kuhusu malipo, utaratibu ni huu. Njia ya haraka inaitwa Lightning Lane na huuzwa kupitia programu ya simu, bei ikibadilika kulingana na tarehe. Kuna kifurushi kinachojumuisha michezo kadhaa, ikiwemo Everest, ile safari ya magari na mashua za Na'vi River Journey. Flight of Passage iko nje ya kifurushi na huuzwa peke yake. Wenye kulala katika hoteli za Disney wanaweza kununua siku 7 kabla, na wengine siku 3 kabla. Kwa hali yenu, singenunua kifurushi kwa watu wawili ilhali mmoja hatapanda hata nusu ya michezo hiyo. Ningemnunulia mume peke yake nafasi ya Flight of Passage kwa saa za mchana, na kwa kufanya hivyo asubuhi inabaki huru kwa lile gari la Bi Korongo. Hapo tunapatana.

Kwa upande wa kichefuchefu, mkeo asiijaribu Flight of Passage hata kwa kubembelezwa. Unakaa kwenye kiti kama cha pikipiki, kifua kimeegemezwa mbele, na skrini kubwa inakupeleka angani ukipinda na kushuka kwa ghafla. Hata watu wenye matumbo imara hutoka wakiwa wameshika ukuta. Na'vi River Journey, iliyo jirani, ni mashua inayoelea polepole gizani katikati ya mimea inayong'aa. Hiyo inamfaa, na mnaweza kuipanda pamoja.

Sasa Everest yenyewe. Ilifunguliwa mwaka 2006, mlima wake una urefu wa karibu meta 61, na treni hufikia kasi ya kilometa 80 hivi kwa saa. Lakini utamu wake hauko katika kasi, maana kuna treni nyingi duniani zinazoizidi. Uko katika kile kinachotokea juu, ambapo reli inaonekana imeng'olewa mbele yako, treni inasimama, kisha inaanza kurudi kinyumenyume gizani. Ndani ya mlima kuna sanamu kubwa ya Yeti, yule kiumbe wa theluji wa hadithi za Himalaya, ambayo iliundwa iweze kusogeza mkono na mwili. Ilifanya hivyo kwa muda mfupi tu baada ya ufunguzi, na tangu hapo imebaki imetulia huku taa za kumetameta zikiipa uhai wa kuazima. Usiitegemee sana. Ukifika mapema au jioni utaipanda mara mbili, na ukibahatika kupata viti vya nyuma, chukua hivyo, kwa kuwa ndivyo vinavyotangulia wakati treni inaporudi nyuma.

Mama_Tausi alijibu:

Nimesoma majibu yote mawili na ninaona yanawapangia watu wawili siku mbili tofauti ndani ya lango moja. Mimi na mume wangu tunafanana na nyinyi, isipokuwa kwetu mwenye kupenda kasi ni mimi. Utengano haukuwa tatizo kwetu, kwa sababu kila tulipotengana, aliyebaki chini alikuwa na kitu chake cha kufanya. Everest na Maharajah Jungle Trek viko upande mmoja wa Asia. Wewe ukiwa kwenye foleni ya treni, mkeo yuko kwa chui milia, na mnakutana hatua chache kutoka pale, kila mmoja akiwa na habari za kumpa mwenzake. Akimaliza mapema, kuna giboni wanaoishi kwenye minara ya mawe juu ya maji. Wakianza kupiga kelele zao za kupokezana, husikika mbali sana. Mpango huo hauwezekani kule Pandora, ambako asiyepanda hana wanyama wa kutazama, na ndiyo maana ninaunga mkono wazo la Fundi la kununua ile nafasi moja ili kusubiri kwake kuwe kufupi.

Kuhusu Julai, msiichukulie hivihivi. Katika majira hayo Florida hupata mvua za radi karibu kila alasiri. Radi ikiwa jirani, michezo ya nje kama Everest husimamishwa hadi hali itulie, na watu wote hukimbilia chini ya mapaa. Kwa hiyo saa za adhuhuri ziwe za kukaa ndani. Ukumbi wa Harambe una onyesho la nyimbo, sarakasi na wachezaji la takriban nusu saa, lina viyoyozi, na ni moja ya mambo ambayo nyote wawili mtayafurahia kwa kiwango sawa. Mvua ikikatika na jua likiwa limepungua ukali, wanyama huinuka tena. Ninyi mnaweza kupanda lori kwa mara ya pili wakati huo, ila ulizeni mapema saa ya mwisho ya kupanda, kwani safari huweza kufungwa kabla ya bustani yenyewe.

Kali River Rapids ni mchezo wa boti la mviringo mtoni ambao kichefuchefu chake ni kidogo lakini maji yake si ya mzaha. Mtalowa hadi soksi. Kama mnaupanda, uwe kabla tu ya kwenda kubadilisha nguo, si kabla ya kuingia kwenye ukumbi wenye baridi.

Swali la usiku: eneo la wanyama hunyamaza, lakini Pandora huanza kuwa na sura yake ya kweli giza linapoingia, maana mimea na hata njia za kutembelea huwaka kwa rangi hafifu. Katika Julai jua huchelewa kuzama, na bustani hii mara nyingi hufunga mapema kuliko zile nyingine tatu za Disney pale, kwa hiyo kuna siku ambazo lango hufungwa kabla ya giza kamili. Angalieni ratiba ya tarehe yenu kwanza. Ikiwa ni siku ya kufunga mapema, chaguo langu lingekuwa kutoka na kwenda Disney's Animal Kingdom Lodge, hoteli iliyo karibu ambayo twiga na pundamilia hulisha nje ya madirisha yake. Si lazima mlale pale. Mgahawa wake uitwao Sanaa hupokea wageni wa nje, ila mweke nafasi mapema na mchague saa ambayo bado kuna mwanga, vinginevyo mtalipia dirisha la giza.

Msafiri_Mpole aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mke wangu majibu haya, naye amekwisha kuchukua upande: asubuhi ni lori na gorila, na hapo hakuna mjadala. Kisha Asia kwa mpango wa Mama Tausi, ukumbini adhuhuri, Flight of Passage kwa tiketi yangu moja wakati yeye akimtafuta yule sokwe wa Gombe kwenye Mti wa Uhai, halafu mashua pamoja. Eneo la dinosauri silisikii likitajwa, kuna sababu? Na je, tunaruhusiwa kuingia na maji na vyakula vidogo?

Bi_Korongo alijibu:

Eneo la dinosauri limefungwa ili kupisha ujenzi wa eneo jipya la Amerika ya kitropiki, ambalo limetangazwa kufunguliwa mwaka 2027, kwa hiyo upande huo msiuhesabu kabisa. Maji na vitafunwa mnaruhusiwa, lakini si vyombo vya kioo. Migahawa ya kuagizia dirishani hutoa maji ya baridi bure ukiomba, nayo hutolewa bila mrija wa plastiki, kwa sababu mrija ukiangukia upande wa wanyama, mnyama anaweza kuumeza. Maputo nayo yamekatazwa kwa sababu hiyohiyo. Kwenye lori, kofia na miwani vishikeni mikononi. Na mkeo akae ukingoni mwa benchi, wewe ukae ndani.