Kugawa msaada bila kumvunjia heshima anayepokea: Tzu Chi ya Taiwan hufanyaje?

Swali, kutoka kwa Katibu wa Kibiti

Assalamu alaikum, na heshima zangu kwenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya msikiti wetu huku Kibiti. Mto Rufiji ulipofurika mwaka 2024 tulikusanya unga, maharage, mikeka na khanga kwa ajili ya jirani zetu waliopoteza nyumba na mashamba. Katika siku mojawapo ya ugawaji walifika wageni na lori lao, wakawapanga kina mama mstari juani. Mmoja wao ni mama mtu mzima aliyenifundisha kusoma juzuu nilipokuwa mtoto. Aliambiwa auinue mfuko wa unga usawa wa kifua ili uonekane vizuri pichani. Akauinua. Alipopita mbele yangu aliangalia chini, nami sikuwa na la kumwambia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza kama ipo namna bora zaidi. Nimesikia kwamba shirika la Kibudha la Tzu Chi, lililosaidia Msumbiji baada ya kimbunga Idai, huwainamia wanaopokea na kuwashukuru. Je, ni kweli? Je, huwataka watu wabadili dini? Na kamati kama yetu, isiyo na fedha nyingi, inaweza kujifunza nini kwao?

Jibu kutoka kwa Msomi wa Taipei

Wa alaikum salaam, ndugu Katibu. Nilisoma Taiwan kwa miaka kadhaa, na habari ya kuinama ni kweli. Mfanyakazi wa kujitolea, aliyevaa shati la buluu na suruali nyeupe, hushika mfuko kwa mikono miwili, huinama hadi kiunoni, kisha husema ahsante. Kwa mafundisho yao, anayepokea ndiye aliyempa mwenzake nafasi ya kutenda wema, na kwa hiyo shukrani inaanzia kwa mtoaji.

Ili uelewe chimbuko lake, rudi mwaka 1966 katika mji wa Hualien, mashariki mwa Taiwan, ambako mtawa wa kike aitwaye Cheng Yen alianzisha shirika hilo akiwa na wafuasi wachache na kina mama wa nyumbani 30. Watawa walishona viatu vya watoto wachanga ili waviuze, na kila mama alipewa kibubu cha mwanzi atumbukize humo senti 50 kila siku kabla ya kwenda sokoni. Kina mama waliuliza kwa nini wasilete dola 15 za Taiwan kwa mkupuo kila mwezi, maana hesabu ni ile ile. Mtawa aliwajibu kwamba anayetoa mara moja kwa mwezi humkumbuka mhitaji mara moja, ilhali anayetoa kila asubuhi humkumbuka kila asubuhi. Nadhani kibubu hicho kitaifaa kamati yako kuliko jambo lolote jingine nitakalokueleza, kwa sababu hakihitaji mfadhili.

Kazi yao nje ya nchi ilianza mwaka 1991, baada ya kimbunga kikubwa cha Bangladesh. Hutaka msaada ufike kwa wakati, umfikie mhusika mkononi bila kupitia mikono mingi, uelekezwe kwa walioumia zaidi, na uwe kitu kinachotumika kweli. Wanaojitolea hujilipia nauli wenyewe.

Kuna kituo chao kimoja cha kuchambua taka nilichokuwa nikienda siku za Jumamosi. Kina bibi, wengine wamepita miaka 70, walikaa kwenye vigoda vifupi wakifungua vizibo vya chupa za plastiki, wakikata kwa kisu kile kipete kinachobaki shingoni, kisha wakizitenga chupa angavu na za rangi. Chupa hizo husagwa na kusokotwa kuwa nyuzi, na nyuzi hufumwa kuwa mablanketi ya kijivu yanayopelekwa kwenye maafa. Bibi niliyekaa naye alilikunja blanketi moja mbele yangu mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza pembe hazikukutana sawasawa.

Jibu kutoka kwa Mhasibu wa Miradi, Mombasa

Nitaongezea habari za Tacloban, Ufilipino, kwa kuwa hapo ndipo utu wa mtu ulipolindwa kwa fedha, si kwa kuinama tu.

Kimbunga Haiyan kilipiga tarehe 8 Novemba 2013. Mitaa ilijaa tope, mbao, mabati na miili ya watu, na wengi walikuwa wakiukimbia mji. Tzu Chi ilifika na kutangaza kwamba kila mkazi atakayesafisha mtaa wake atalipwa peso 500 kwa siku, kiwango kilichokaribia mara mbili ya kima cha chini cha mshahara wa eneo lile. Siku za mwanzo walijitokeza mamia, na baadaye walizidi elfu 30 kwa siku moja. Barabara zilifunguka, na fedha zile zikaamsha biashara ndogo, kwa maana mwenye peso 500 jioni huhitaji mtu wa kumuuzia mchele. Baada ya hapo familia zilipewa peso 8,000, 12,000 au 15,000 kulingana na idadi ya watu, na kila moja ilijiamulia inunue nini.

Sisi tunalifahamu wazo hilo, kwani hata TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini kwenu Tanzania, una ajira za muda. Hata hivyo nakutahadharisha: ujira ukizidi sana mshahara wa kawaida, mwenye duka na mwenye shamba hukosa vibarua, na mgonjwa au mlemavu asiyeweza kushika koleo husahaulika asipowekewa fungu lake tangu mwanzo. Tena, kuhusu picha, tuseme kweli: Tzu Chi nao hupiga picha nyingi, na wana televisheni yao tangu mwaka 1998. Kuinama hakuondoi swali la nani amekubali kupigwa picha.

Jibu kutoka kwa Mama wa Durban

Mwanangu Katibu, mimi naishi Afrika Kusini, na nitajibu lile la dini. Hapa Durban kina mama wa Kizulu wengi walianza na Tzu Chi katika madarasa ya ushonaji miaka ya 1990. Leo ndio wanaowaogesha wagonjwa vijijini na kuvuka mipaka hadi Eswatini na Msumbiji kuwafundisha wenzao, na bado ni Wakristo wanaofungua kazi kwa nyimbo za kanisani. Huko Istanbul, shule ya watoto wakimbizi wa Syria iliyoanza mwaka 2015 kwa msaada wao ilikuwa na Mwislamu wa Taiwan, mwanachama wa Tzu Chi, miongoni mwa wasimamizi wake. Baada ya Idai, mkoani Sofala, waliogawa chakula na mbegu walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa Msumbiji wenyewe. Mbegu, mwanangu, usizisahau. Unga huisha wiki mbili.

Katibu wa Kibiti

Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Kikao chetu ni Ijumaa baada ya sala. Nitapendekeza vibubu kwa kila nyumba itakayokubali, na kwamba mafuriko yakija tena tuzungukie kaya pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, tuandike majina na kuacha tiketi yenye saa, ili mtu asisimame juani. Swali moja limebaki kwa Mhasibu: kwa wazee wasioweza kuja, msaada upelekwe nyumbani na nani, kamati au jirani waliyemchagua wao?

Mhasibu wa Miradi, Mombasa

Waulizeni wenyewe siku mnayoandika majina, na jibu la kila mmoja liandikwe nyuma ya tiketi yake. Ukianza na yule mwalimu wako wa juzuu, nenda mwenyewe, na simu uiache nyumbani.