Mkojo unanitoka nikikohoa: nifanyiwe upasuaji Mombasa nikija harusini?

Kutoka: Dada wa Leicester

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa. Naandika nikiona haya, lakini humu kundini tuko wanawake peke yetu na sina pengine pa kuuliza. Nina miaka 43, watoto wanne, wa mwisho alizaliwa na kilo nne na nusu. Tangu yeye, nikikohoa, nikicheka au nikiinua mfuko wa mchele, mkojo unatoka. Nikienda sijida pia, basi nabadilisha nguo na kutawadha upya. Daktari wa huku Uingereza ameniweka kwenye foleni ya kumuona bingwa, nami nimechoka kungoja. Agosti nakuja harusi ya mdogo wangu, wiki nne. Nimeambiwa nyumbani wapo madaktari wanaoweka ile sling, ukanda wa kuegemeza njia ya mkojo, unalala siku moja unatoka. Nilipie nimalize?

Kutoka: Nesi wa Birmingham

Waaleikum salaam dadangu. Nafanya kazi wadi ya wanawake na wenye shida yako nawaona kila wiki.

Kwanza: unavuja unapojikaza tu, au pia unabanwa ghafla usifike chooni? Sling inatibu ile ya kwanza. Kubanwa ghafla ni kibofu chenyewe kinachojikamua kabla ya wakati. Hapo sling haisaidii na huweza kuzidisha. Andika siku tatu umekunywa nini, umekwenda chooni saa ngapi, umevuja ukifanya nini. (Anayevuja mchana kutwa na usiku kucha bila hata kukohoa, hasa baada ya uchungu uliokawia, achunguzwe fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hilo ni jambo jingine na lina upasuaji wake.)

Sling ni mbeleko. Misuli ya chini ikilegea kwa uzazi, ukikohoa njia ya mkojo inashuka, haina pa kuegemea, mkojo unapita. Mbeleko inapitishwa chini yake iiegemee, kama mtoto mgongoni. Lakini mbeleko zenyewe ni aina mbili, na hapa nakuomba unisikilize sana.

Moja ni utepe wa plastiki, polipropilini, uliofumwa kama chandarua. Ulitangazwa na daktari wa Uswidi, Ulf Ulmsten, mwaka 1996, ukaenea kwa sababu ni kazi fupi na mtu anarudi nyumbani haraka. Wengi uliwafaa. Wengine uliwakata nyama ukatokeza ukeni au kwenye kibofu, wengine wakabaki na maumivu ya kinena na mapaja. Nyama hukua ndani ya matundu yake, ndiyo maana kuutoa wote ni kazi ngumu. Uingereza iliusimamisha Julai 2018, na ripoti ya Julai 2020 ya Julia Cumberlege, aliyeongoza uchunguzi ulioagizwa na serikali, ikasema wazi kwamba wanawake walilalamika miaka mingi wasisikizwe. Agizo lile halikuvuka bahari. Ukiambiwa Mombasa "tunakuwekea sling", uliza ni ipi.

Ya pili inakatwa mwilini mwako, ukanda wa utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo. Haina plastiki, ila upasuaji wake ni mkubwa: mshono chini ya tumbo, siku kadhaa hospitalini, mpira wa mkojo. Kuna wanaoshindwa kukojoa vizuri kwa wiki kadhaa, wakafundishwa kujitoa mkojo wenyewe kwa kijimpira. Wiki sita huinui kitu kizito. Sasa hesabu wiki zako nne.

Na je, mazoezi umefanya? Si yale ya kusoma kwenye karatasi. Miezi mitatu, mara tatu kwa siku, kila mara ubane si chini ya mara nane, na mtaalamu wa fiziotherapia akuangalie, kwa sababu wengi husukuma chini wakidhani wanavuta juu. Bana kama unayezuia upepo mbele ya wageni, bila kukaza tumbo wala matako. Sehemu nyingi huku unajiandikisha mwenyewe. Ulizia kliniki yako. Na kama bado unataka kuzaa, sema mapema, upasuaji kwa kawaida husubirishwa.

Kutoka: Khaltu wa Kibokoni

Mwanangu, mimi niliishi London miaka kumi na tisa. Utepe niliwekwa huko 2012. Mwaka wa kwanza nilikuwa kama msichana, nacheka bila kubana miguu. Mwaka wa nne mume wangu akaniambia kuna kitu kinamchoma. Niliona haya nikanyamaza, hadi damu ikaanza kutoka. Tulikuwa tumesharudi Mombasa. Daktari wa hapa akaniuliza: utepe ulipitishwa nyuma ya mfupa wa kinena au mapajani? Sikujua. Karatasi ya upasuaji sikuwa nayo, na kuipata kutoka kule kulichukua miezi. Kipande kilichotokeza kikakatwa. Damu imekoma, kuvuja kumerudi.

Kwa hiyo upasuliwe huku au huko, usitoke hospitalini bila karatasi iliyoandikwa umewekwa nini na kwa njia gani.

Madaktari hodari tunao. Ninachokikataa ni kuuchanganya upasuaji na harusi. Nyumba imejaa wageni, unashinda jikoni na watoto wa watu wanataka kubebwa. Ngazi zetu hizi unazijua. Utalala wapi na mpira wa mkojo? Kila atakayekuja kukupa pole atauliza umepasuliwa nini. Homa ikikushika wiki ya pili bwana harusi yuko mlangoni, nani atakupeleka? Kisha upande ndege ndefu mshono haujatulia, na damu kuganda miguuni ni hatari ya kweli. Anayekuja kwa jambo hili na aje miezi mitatu, nyumba tulivu, kwa daktari aliyekwisha kumuuliza mbeleko hizi amefanya ngapi na zilizoharibika amezifanyaje.

Habari ya swala, usijihukumu mwenyewe. Anayetokwa mfululizo, kwa madhehebu yetu ya Shafii, hungoja wakati uingie, akajisafisha, akajifunga, akatawadha, akaswali papo hapo. Wewe unavuja kwa vipindi, hukumu yako huenda ni nyingine. Muulize sheikh, au mkewe kama ulimi mzito.

Kutoka: Dada wa Leicester

Khaltu, nimelia. Mume wangu sijamwambia mpaka leo. Anadhani nimeacha kwenda kuogelea na watoto kwa uvivu. Nitamwambia usiku huu.

Fiziotherapia nimejiandikisha, miadi ni wiki ijayo. Siku tatu nimeandika: nimevuja mara kumi na moja, zote nikikohoa au nikiinua, hakuna ya kubanwa ghafla. Foleni ya bingwa siiachi, na zamu yangu ikifika nitauliza habari ya utando wa tumbo.

Harusini nakuja na pedi zangu. Zile za mkojo za huku ni nyembamba na hazitoi harufu. Niambie saizi yako na pakiti ngapi, Khaltu, begi la pili bado halijajaa.