Nimeuawa saa tatu asubuhi, saa saba nikanyimwa pilau. Huyu mtu wa filimbi tumvumilie mpaka lini?

Mchuna Mkonge (mwenye uzi)

Wakuu, naandika mkono ukitetemeka, na si kwa njaa, ingawa njaa nayo ipo.

Yule mtu wa filimbi. Simtaji. Kama umepita mafunzo ya mgambo hapa Tanga unamjua, na kama hujapita, filimbi yake umeshaisikia hata ukiwa unakaa Muheza.

Miezi yote tumekimbia na bunduki za mbao. Yangu ilikuwa na msumari umechungulia, begani nina kovu kama nimetoka vitani kweli. Hatukulalamika. Risasi ni mdomo wako: unalenga, unasema ta ta ta, mwenzio anabisha hajafa, mnasukumana kidogo, mnaendelea. Leo tunafika shambani huko njia ya Pongwe tunakuta masanduku. Vikoti vina vitambuzi, kofia zina vitambuzi, bunduki za kuigizia zinatoa leza. Akasema leo hakuna kubishana, mtapigana kama vita yenyewe. Kikoti kikilia kifupi, pi pi, risasi imekupita jirani. Kikilia kirefu, piiiii, umekufa, kaa chini.

Sasa sikilizeni hapa. Changu kililia PI PI. Kifupi. Mashahidi ninao, ingawa mmoja alikuwa kafumba macho nyuma ya mkonge na mwingine ni shemeji yangu.

Zoezi lina dakika mbili, nimeinama nafunga kamba ya buti. Pi pi. Huyo katokea kama aliyeitwa: "Namba 14 umekufa!" Afande, kimelia kifupi. "Maiti haijibu." Nimelala juani kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Siafu walinipita juu, wakaenda kuita ukoo wao, wakanipita tena.

Hayo nilishayasamehe. Sufuria zikafunuliwa, nikapanga foleni kama binadamu wengine, sahani yangu imeshatiwa pilau, nyama imeshakaa juu. Filimbi. "MAITI HAILI PILAU!" Akaichukua sahani. Mkononi mwangu. Mbele ya kuruta wote, mbele ya mabinti wa kombania ya pili, na mmoja wao nilikuwa nimeshaanza naye mazungumzo yenye mwelekeo.

Maiti haili pilau, wakuu! Nyama ilikuwa juu ya sahani! Binti alicheka mpaka akashika mnazi. Nimepanda daladala kurudi mjini, kondakta ambaye hata hakuwepo ananiuliza, "Marehemu, unashukia wapi?" Ngamiani, kuanzia barabara ya kwanza mpaka za mwisho huko, mimi sina jina tena.

---

Baiskeli Bila Breki

Tanzia. Marehemu ameacha kikoti kimoja na sahani isiyo yake. Taratibu za msiba zinafanyika kwa shemeji.

---

Binti wa Chumbageni

Nilikuwepo. Kililia piiiiiii mpaka mbuzi wa watu wakakimbia. Na kamba ya buti hakuwa anafunga, alikuwa anatafuta mtandao kwenye simu.

---

Mchuna Mkonge

Wewe ndiye yule?

---

Binti wa Chumbageni

Mimi si yule. Yule ni rafiki yangu, na amesema usimpigie.

---

Baiskeli Bila Breki

Marehemu kafa mara ya pili hapo.

---

Jirani wa Kanali

Wakuu, tuwekane sawa. Hayo madude jeshi la Marekani linayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, linayaita MILES. Wao bunduki ni ya kweli, kwenye mtutu wanafunga kisanduku cha leza, ukifyatua risasi baridi ndipo leza inatoka. Ukipigwa, mlio haukati mpaka uchomoe ufunguo wa njano kwenye kisanduku cha bunduki yako uuchomeke kwenye kikoti. Kelele inakwisha, ila bunduki yako nayo imekufa, huwezi kumvizia mtu ukiwa maiti. Wana na kadi: ukishapigwa unaifungua inakwambia umeumia wapi, ili watu wa huduma ya kwanza nao wapate kazi. Kadi ya kumnyima mtu pilau sijawahi kuisikia.

---

Mchuna Mkonge

Asante mkuu! Mtu mwenye elimu amesema. Turudi kwenye PI PI.

---

Jirani wa Kanali

Sijamaliza. Leza haipiti kwenye majani. Hata huko kwao wanalalamika, mtu anajibanza nyuma ya kichaka ambacho risasi ya kweli ingekitoboa bila salamu, leza inagota. Sasa wewe umewekwa katikati ya shamba la mkonge, Tanga hii, ukakosa jani?

---

Kachori Baridi

😂😂😂 Shamba zima!

---

Mzee wa Raskazone

Vijana mna raha. Novemba 1914 Waingereza walishuka hapa Raskazone na askari kutoka India kama 8,000, Mjerumani ana kama 1,000 tu, na wakarudi melini mbio, bunduki na risasi wameacha ufukweni. Nyuki waliingia katikati, wanauma huku na huku bila kuuliza mtu ni wa nani. Hao hawakuwa na kifupi wala kirefu.

---

Mchuna Mkonge

Mzee wangu shikamoo, lakini nyuki hawakumpokonya mtu sahani.

---

Mzee wa Raskazone

Marahaba. Naye Mwingereza hakulala masaa manne akisubiri chakula.

---

Kachori Baridi

Afadhali wewe uliyekufa kwa leza. Mimi cheti cha mgambo ninacho tangu mwaka juzi, naenda kuomba lindo naambiwa mfupi. Lindo lenyewe ghala la mbao. Mwizi anapimwa urefu kwanza? Yule bosi mwenye miwani mnamjua.

---

Sindano Butu

Usinikumbushe. Mimi fundi alinishonea suruali ya gwaride, siku ya kufunga mafunzo nikapiga saluti ikaachia nyuma yote, mgeni rasmi yuko pale. Anasema eti nimenenepa. Mgambo gani ananenepa kambini?

---

Kachori Baridi

Wa jikoni.

---

Sindano Butu

Nilikuwa jikoni ndiyo, lakini siku tatu tu.

---

Binti wa Chumbageni

Kwani hilo pilau la leo kapika nani?

---

Sindano Butu

Yule mama wa Makorora.

---

Baiskeli Bila Breki

Mama wa Makorora?? Yule anayeonyesha nyama sufuria kisha anairudisha kabatini? Mwaka jana kwenye hitima nilipewa sahani nikachimba mpaka chini nikakuta karafuu mbili na jani la mdalasini.

---

Jirani wa Kanali

Mdalasini ni gome, si jani.

---

Baiskeli Bila Breki

Basi jani la nini? Nililitafuna dakika kumi.

---

Mchuna Mkonge

Wakuu mada ni PI PI. Na nyama ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu, kipande cha kiganja.

---

Binti wa Chumbageni

Maiti haioni.

---

Sindano Butu

Kachumbari je, ilikuwepo? Maana siku zile kachumbari yake ni kitunguu kimoja kimepita karibu na nyanya.

---

Kachori Baridi

Kitunguu nacho kililia pi pi, kilipita jirani tu.