Shamba la hekta 16 tambarare: tuanze na mfereji wa kuingiza maji au mtaro wa kuyatoa?

Mkulima wa Tambarare

Ndugu wakulima, habari za kazi.

Kikundi chetu kina hekta 16 katika tambarare za Wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare. Masika tunalima mpunga na mahindi, na kiangazi tunataka kuanza vitunguu. Banio letu la kugeuzia maji ya kijito ni la mawe na viroba vya mchanga, na kijito tulipokipima wakati wa kiangazi kilitupatia lita 20 hivi kwa sekunde. Udongo wa upande wa juu wa shamba ni tifutifu, lakini kadiri unavyoshuka kuelekea upande wa chini unageuka mfinyanzi mweusi unaopasuka ukikauka. Upande wa chini pana tuta la barabara lenye kalvati moja tu, na kitako chake kiko juu kuliko kona yetu ya chini kwa takriban sentimita 20, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha maji hutuama hapo hata wiki nzima, na yakikauka huacha ukoko mweupe kwenye matuta. Korongo la karibu liko mita 350 kutoka kona hiyo.

Fedha tulizo nazo zinatosha kusakafia kwa saruji mita 300 za mfereji mkuu, na wengi kikundini wanataka tuanze na kazi hiyo. Je, ndipo pa kuanzia?

Fundi Mitaro

Ndugu yangu, kwa maelezo yako mwenyewe, pa kuanzia ni kwenye ile kona ya chini. Mfereji uliosakafiwa utawaletea maji mengi zaidi, na maji hayo, yasipokuwa na pa kutokea, yataongeza ukoko mnaoulalamikia.

Tazama hesabu. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Mvua ikiwaachia ziada ya milimita 30 ambayo ardhi haikuweza kuinywa, kwenye hekta 16 mnakuwa na mita za ujazo 4,800, na ili kuziondoa kwa saa 24 mtaro wenu lazima upitishe lita 56 hivi kwa sekunde, yaani karibu mara tatu ya yale mnayoingiza kutoka kijitoni. Mpunga ungevumilia, lakini mahindi na vitunguu haviwezi kukaa majini siku kadhaa mizizi ikakosa hewa halafu vikazaa.

Mtaro wa udongo wenye kitako cha sentimita 40, kingo za mlalo wa 1:1 (kila sentimita 1 kwenda chini, sentimita 1 kwenda pembeni) na mteremko wa sentimita 10 kwa kila mita 100, maji yakiwa na kina cha sentimita 30, hupitisha lita zisizopungua 60 kwa sekunde endapo nyasi zimefyekwa. Uchimbeni hadi sentimita 80 kwenda chini ili maji yanayopita yabaki chini ya uso wa shamba. Kwa umbali wa mita 350 mtahitaji mwanguko wa sentimita 35, kwa hiyo sakafu ya korongo inapaswa kuwa chini ya kona yenu kwa mita 1.15 au zaidi. Hilo mnaweza kulipima bila mashine: chukueni mpira mwembamba unaoonesha ndani, ujazeni maji mpaka viputo vyote vitoke, kisha pigeni vigingi kila baada ya mita 20 na kusoma usawa wa maji kwenye ncha zote mbili yakishatulia. Mafundi ujenzi wanautumia kila siku, na kwa kazi hii hautawadanganya. Ikiwa korongo lina kina hicho, kalvati isiwasumbue tena. Ikiwa halina, itabidi muiombe mamlaka ya barabara iishushe, nanyi msithubutu kulikata tuta wenyewe.

Mama Vitunguu

Nakubaliana na Fundi kuhusu mtaro, lakini kuna hesabu nyingine ambayo haijaguswa, nayo ni ya maji yenyewe. Kiangazi cha huko zao linaweza kuhitaji milimita 6 kwa siku. Katika mifereji ya udongo si ajabu nusu ya maji kupotea njiani na shambani, kwa hiyo kila hekta inawadai mita za ujazo 120 kwa siku. Lita 20 kwa sekunde, mkimwagilia saa 12 za mchana, ni mita za ujazo 864, ambazo hazitoshi zaidi ya hekta 7. Hata mkikesha usiku kucha hamtafika 16.

Wazee wa Upare walikuwa na jibu lao, ndiva, yaani bwawa dogo ambalo hukusanya maji ya usiku ili yafunguliwe asubuhi. Kwa mkondo wenu, ndiva ya mita 24 kwa 24 yenye kina cha mita 1.5 ingeyapokea yote ya usiku. Mimi ningeanza na hekta 7 za vitunguu kwenye tifutifu la juu, na ule mfinyanzi ningeuachia mpunga wa masika.

Kabla ya hayo, hakikisheni mna kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Maji ya juu yakichukuliwa na wengine, walio chini huumia: skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, hapo Kilimanjaro, ilikamilika mwaka 1987, lakini haikupita muda mrefu walio juu ya Mto Rau nao wakaanza kulima mpunga, na maji ya skimu yakapungua.

Mkulima wa Tambarare

Nawashukuru sana. Kuhusu ukoko, jirani ametushauri tumwage jasi kutoka Makanya, kwa kuwa si mbali nasi. Je, inafaa?

Fundi Mitaro

Inategemea ni chumvi au ni magadi, yaani sodiamu iliyozidi kwenye udongo. Ukoko mweupe juu ya udongo ambao bado unamomonyoka vizuri mkononi aghalabu ni chumvi ya kawaida, ambayo huoshwa kwa maji mengi na haihitaji jasi. Mkiona udongo umefunga, hauingizi maji na vidimbwi vyake ni vyeusi, hayo huenda ni magadi, na hapo jasi ina kazi, ingawa sodiamu ambayo jasi huiondoa inahitaji mtaro wa kuipeleka nje.

Pelekeni sampuli maabara, kwa mfano kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, mkichukua za juu na za kina cha sentimita 50 katika mifuko tofauti, na ombeni vipimo vya pH, chumvi na sodiamu. Kitunguu huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 1.2 kwa mita (kipimo cha chumvi ambacho maabara itawapa), mahindi 1.7, mpunga 3. Pia chomekeni bomba lenye matundu kwenye shimo la mita 2 pale konani na kusoma maji kila wiki. Yakiwa yanasimama kwenye kina kisichofika mita 1.5 kutoka juu, chumvi itaendelea kupanda hata mkimwaga malori ya jasi.