Tupeane uzoefu: bei ya intaneti imepanda katikati ya mkataba hapa Uingereza, ulifanyaje?

Wadau, habari zenu. Kila Aprili ikikaribia, ujumbe ni uleule: bei yako inabadilika. Mwaka 2023 mimi nilikuwa ndani ya mkataba wa miezi 24, bili ikapanda asilimia 14.4 kwa mpigo. Walichukua mfumuko wa bei wa Desemba, 10.5, wakaongeza 3.9 yao. Nikapiga simu nikitaka kutoka. Dada aliyepokea akaniambia taratibu nifungue mkataba. Nikafungua. Sentensi ilikuwepo, kwa herufi ndogo kama mchanga, na nilikuwa nimekubali. Faini ya kuvunja ilizidi hiyo nyongeza, nikabaki. Iliniuma sana.

Wengi tunadhani bei ikipanda tu una haki ya kuondoka. Sivyo. Kama nyongeza iliandikwa kwenye mkataba, imekubana. Kama haikuandikwa, au wamezidisha kuliko ilivyoandikwa, lazima wakutaarifu mwezi mmoja kabla na unaweza kuondoka bila faini. Tangu 17 Januari 2025, Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, imekataza mikataba mipya kufungwa kwenye mfumuko wa bei: wakutajie nyongeza kwa pauni na peni, na itaanza lini, kabla hujakubali. Aliyesaini kabla ya siku hiyo, sheria hii haimgusi.

Karibuni, kila mtu atoe lake.

Mama wa mapacha: Mkataba wangu ulisema pauni 3 kila Aprili. Barua pepe ikaja na pauni 4. Niliweka mkataba huku, simu yenye barua pepe huku, nikafuata mstari kwa mstari kwa kidole. Chini kabisa, baada ya aya nzima za kusifu uwekezaji wao, ndipo walipoandika kwamba nina siku 30 za kuondoka. Nikaenda kwa kampuni nyingine. Tangu Septemba 2024 humpigii wa zamani, unayehamia kwake ndiye anayekuhamisha. Lakini angalieni hapa: ujumbe wa kampuni ya zamani ulinijia na faini ya kuvunja mkataba! Sikuthibitisha chochote. Nilipiga simu, nikawasomea barua yao wenyewe neno kwa neno, wakaifuta. Ningebonyeza "kubali" kwa haraka ningelipa.

Fundi wa zamu ya usiku: Mimi nilitoka kwa sababu ya kasi. Kampuni zilizosaini mwongozo wa Ofcom hukutajia kasi ya chini wanayokuhakikishia. Ikishuka chini ya hapo, wana siku 30 za kurekebisha, wakishindwa unaondoka bure. Pima kwa waya uliochomekwa kwenye ruta, si kwa waifai, maana hilo ndilo swali lao la kwanza. Nilikuwa na daftari: tarehe, saa, kasi. Lile daftari ndilo lililonitoa.

Mkewe Babu: Jamani, msifute kwa hasira malipo ya bili yanayokatwa benki kila mwezi. Mume wangu alifuta akidhani amemaliza mkataba. Deni likabaki, likapelekwa kwa wakusanya madeni, na sasa kila akiomba mkopo linaonekana.

Mdau wa ghorofa ya tisa: Kama unapokea Universal Credit, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ulizia kifurushi cha bei nafuu cha wenye kipato kidogo. Kampuni yangu ilinihamishia huko katikati ya mkataba bila faini. Hawakuwahi kuniambia, niliuliza mwenyewe.

Mgeni kidogo: Nimepata ujumbe wiki tatu zilizopita. Bei mpya inaanza mwezi ujao, kwa hiyo bado nina muda wa kutosha, au?

Mwanzisha mada: Ndugu yangu, hapana. Siku 30 zinahesabiwa tangu walipokutaarifu, hazisubiri bei ianze. Zimebaki kama siku tisa. Fungua mkataba usiku huu, tafuta kiasi cha nyongeza, ulinganishe na ujumbe. Vikitofautiana, kesho asubuhi waandikie, na uhifadhi nakala.

Mgeni kidogo: Nimeukuta. Mkataba unasema 3, ujumbe 4.50. Nawaandikia sasa hivi.